Mume wa Mwalimu Kwenye Chupa

Kwa miaka minne, nikiwa mtu mzima mwenye ndevu, mke na kibanda cha kutengeneza baiskeli, niliamini kwamba mwalimu wetu wa baiolojia alimgeuza mumewe kuwa mdudu na kumfungia kwenye chupa ya siagi ya karanga. Sikuamini nusunusu, kama mtu anavyoamini utabiri wa mvua. Niliamini kabisa. Chupa nilikuwa nimeiona kwa macho yangu dirishani kwake, ya tatu kutoka kushoto, ina kifuniko chekundu kilichotobolewa kwa msumari, na ubavuni imebandikwa plasta nyeupe ya hospitali iliyoandikwa jina la mumewe kwa herufi kubwa. Chini ya jina kulikuwa na neno moja: USIGUSE.

Mume mwenyewe hakuna aliyekuwa anamwona tena mtaani. Ndani ya chupa kulikuwa na udongo kidogo, na juu ya udongo kitu cha kahawia, kinang'aa, saizi ya kokwa ya tende, hakina miguu. Siku moja niligonga kioo kwa ukucha, na kile kitu kikatikisa ncha yake kulia na kushoto. Mimi nikaelewa kwamba jamaa anakataa. Anasema hapana, hapana, usiniache humu.

Mnaweza kucheka. Mimi mwenyewe ni mtu wa kucheka, wateja wangu wanajua, na tairi moja likipasuka kwangu, mpaka habari ifike stendi yamekuwa matano. Lakini haya naandika nikiwa na hasira, na mahali nitakapochekesha mjue ni mdomo umezoea.

Sitaeleza mwalimu alizaliwa wapi wala ni mtoto wa nani. Sijui, na waliodai kujua ndio walioanza fujo. Nilimjua kama watu wa Kitete, mtaa wetu hapa Tabora, walivyomjua: mwanamke mrefu, mkavu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi mweusi upande mmoja, aliyestaafu ualimu wa mchana akaanza kutufundisha sisi wa jioni. Sisi wa jioni ni wale tulioacha shule tukiwa wembamba tukairudia tukiwa na vitambi. Tulikusanyika saa kumi na moja katika banda la nyuma ya nyumba aliyopanga, tukiwa wanafunzi kama mia mbili. Sawa, tulikuwa kumi na tisa, lakini Mama Kulwa muuza mchele alikaa nafasi ya watu watatu na kuuliza maswali ya watu mia.

Hasira ya mwalimu ilikuwa maarufu. Akimkemea mtu Kitete, kuku wa Bukene wanaacha kudonoa. Na hakukasirishwa na ujinga. Ujinga ulimfanya mpole, akavuta kiti, akaanza upya kutoka mwanzo. Kilichomkasirisha ni mtu kusema jambo ambalo hakuliona. Hapo chaki iliruka.

"Umeona au umesikia?" Hilo ndilo lilikuwa swali lake. Alimuuliza kila mtu, kwa kila jambo, mpaka mke wangu akaanza kuniuliza mimi nikichelewa kurudi.

Wiki ya kwanza Mama Kulwa alisema funza wanatokana na nyama kuoza.

"Umeona au umesikia?"

"Nimeona, mwalimu. Nyama nzuri kabisa, ukiisahau siku mbili tatu, funza."

"Umeona nyama. Umeona funza. Katikati umeona nini?"

Mama Kulwa akanyamaza, jambo ambalo hutokea mara moja kwa mwaka.

"Katikati hukuona kitu. Katikati umesikia."

Kesho yake alileta vipande viwili vya nyama kwenye sahani mbili. Kimoja alikiacha wazi, kingine alikifunga kwa kipande cha chandarua. Tulivumilia harufu ile siku nne nzima, na mkaguzi wa afya angepita angetufunga wote. Nyama iliyo wazi ilijaa funza. Iliyofungwa ilioza tu, peke yake, bila mgeni, ila juu ya chandarua inzi walikuwa wameacha mayai meupe, madogo kama chumvi.

"Kwa hiyo inzi ndiye mama yao," Mama Kulwa akasema.

"Ndiye mama yao."

"Maskini. Amezaa watoto hawafanani naye hata kidogo."

"Watafanana," mwalimu akasema. "Wape muda, na usiwaongelee vibaya wakiwa wadogo."

Ndivyo alivyofundisha. Kitabu alikuwa nacho, na ukurasa wa wadudu ulikuwa na ile picha mnayoijua: duara lenye mishale, yai, kiwavi, pupa, kipepeo, kisha yai tena. Alikuwa anaichukia picha ile kuliko nilivyowahi kuona mtu anachukia karatasi. "Mshale," alikuwa anasema, akiugonga kwa kidole, "huu mshale kati ya kiwavi na pupa ni wa nini? Ni wa mtu mvivu. Hapa mnyama anaacha kula, anatafuta mahali, anavua ngozi, anapoteza miguu na meno. Aliyechora akaweka mshale." Akafunga kitabu. Hakukifungua tena mpaka wiki ya mtihani wa mwisho wa mwaka.

Badala ya kitabu alitupa chupa. Kila mwanafunzi alipewa chupa moja na kiwavi mmoja, na jukumu la kumlisha. Wa kwangu alitoka kwenye mlimao wa jirani. Alipokuwa mdogo alifanana kabisa na kinyesi cha ndege, na mwalimu alisema hiyo ndiyo akili yake, maana hakuna ndege anayekula kinyesi chake. Nikawa nakwenda kibandani na chupa, naiweka pembeni ya kopo la gundi. Kila jani nililompa alilimaliza, na siamini kama kuna mteja wangu anayekula kwa bidii namna ile, ingawa wapo wanaojaribu. Alivua ngozi mara kadhaa, akawa wa kijani, mnene kama kidole gumba. Kisha siku moja akakataa jani. Akajifunga kwenye kijiti kwa uzi mwembamba kiunoni, kama fundi wa nguzo za umeme, akavua ngozi mara ya mwisho. Aliyebaki hakuwa na uso.

Niliandika kwenye daftari: "Amekufa."

Mwalimu alisoma mbele ya darasa zima. "Fundi anasema mdudu wake amekufa. Fundi, umeona kifo?"

"Hatembei, mwalimu. Hali."

"Basi andika hatembei, hali. Kifo usikiandike mpaka ukione."

Mimi kwa ubishi wangu, na kwa kuwa nina wembe wa kukatia tyubu, nilimpasua kesho yake nione amejificha wapi. Hakuwemo. Kiwavi hakuwemo na kipepeo hakuwemo. Kulikuwa na uji wa rangi ya manjano na vijipande visivyo na jina. Nikaenda darasani na chupa nikiwa nimejiandaa kwa chaki. Alikuja juu kweli, akanifokea mpaka miwani ikaning'inia kwa uzi. Alipomaliza alinipa kalamu, akaniambia niandike nilichokiona, nisiongeze. Niliandika mistari miwili tu, na ndiyo insha fupi kuliko zote nilizoandika maishani mwangu. Akanipa alama nyingi kuliko mtu yeyote.

"Watu wengi hawajui kwamba anayeyuka," alisema. "Wanadhani anaota mabawa ubavuni kama mtu anayevaa koti. Fundi ameua, lakini ameona."

Sasa ngoja niseme ukweli wangu. Mtu aliyesoma nusu ni hatari kuliko asiyesoma kabisa, na mimi nilikuwa nimesoma nusu barabara. Jioni moja baada ya darasa Mama Kulwa alinivuta pembeni, akanionyesha dirisha la mwalimu. "Unajua mumewe yuko wapi? Soma ile plasta." Akacheka, akaenda zake. Angekuwa ameniambia mwaka mmoja kabla ningemwambia aache upuuzi. Lakini mimi nilikuwa nimeshaona kwa macho yangu kiumbe chenye miguu na meno kikiyeyuka kuwa uji. Nilijiuliza: kama mnyama wa kwenye mlimao anaweza kugeuka hivyo bila msaada wa mtu, mwanamke mwenye elimu kama hii atashindwaje na mume? Mantiki ilikuwa imenyooka kama spoku mpya, na ndiyo inayoniudhi mpaka leo.

Yeye mwenyewe hakusaidia. Alikuwa mtu wa mambo yasiyopatana. Akimkuta nyenje barabarani alimwokota kwa vidole viwili akamweka kwenye mti, lakini kwenye shamba lake dogo la mahindi aliwabonyeza viwavi mmoja mmoja kati ya kidole gumba na cha shahada, akihesabu kwa sauti. Nikamuuliza, "Mwalimu, hawa si ndugu wa wale tunaowalisha darasani?" Akasema, "Darasani ni mgeni wangu. Shambani anakula ugali wangu." Hakuogopa nyoka wala nge, lakini mende mmoja alipotokea chini ya ubao alipanda juu ya benchi na sketi yake ndefu, akaendelea kufundisha akiwa huko juu: "Huyu hana pupa. Anazaliwa mende mdogo, anavua koti mara nyingi, anakua mende mkubwa. Panzi vilevile. Hapitii uji. Andikeni. Halafu muueni."

Na yeye aliyetaka kila kitu kisemwe kilivyo, ukimuuliza, "Mwalimu, mzee hajambo?" alijibu, "Fungueni madaftari."

Mwaka wa pili wa masomo viwavi waliingia kwenye mahindi. Sisemi walikuja wachache. Ukisimama pembeni ya shamba saa ya jua la utosi unasikia wanatafuna, na kama hujawahi kusikia usinibishie. Nusu ya mtaa tuna vishamba nje ya mji, upande ambako misafara ya zamani ilipita kwenda Ujiji, na wazee wakaanza kusema viwavi wamefuata njia ile ile, wametoka huko kwa watu. Mwalimu alisikia. "Tabora kila kitu kinasingiziwa wageni," alisema. "Mdudu huyu amezaliwa kwenye jani lako, wewe umelala."

Akatokea mtu, alidai ametokea upande wa Usinge, mwenye pikipiki na tenga kubwa nyuma. Akasema anaweza kuwafukuza. Malipo: kila kuku mkubwa wa kila kaya, wa rangi yoyote, awe anayetaga au jogoo mzima. Mwenyekiti wa mtaa wetu akawa wa kwanza kutoa. Mimi nilitoa wangu wote pamoja na jogoo, jogoo mkubwa hivi, ningemfunga kamba angevuta mkokoteni. Yule bwana alizunguka mashamba na kibuyu, akanyunyiza maji, akasema maneno, akapakia kuku kwenye tenga awamu tatu, akaondoka.

Baada ya siku chache tuliamka, viwavi hakuna. Naapa hakukuwa na hata mmoja kwenye majani. Watu walipiga vigelegele. Kwenye kundi la WhatsApp la mtaa mwenyekiti aliweka picha ya hindi safi na alama ya mikono iliyounganishwa.

Mwalimu alikuja kwenye shughuli ile, katikati ya ngoma, na kijembe cha bustani na bakuli la plastiki. Hakusalimia. Alikwenda kwenye shamba la mwenyekiti mwenyewe, akapiga magoti kati ya mistari, akachimba kina cha kidole tu, akatoa kitu cha kahawia kinachong'aa. Akachimba tena. Mpaka anasimama bakuli lilikuwa limejaa kiasi cha kutosha mboga ya watu wawili.

"Hawajaondoka," akasema. "Wameshiba, wameshuka chini kujibadilisha. Hawa hapa. Siku kumi hivi watatoka wakiwa nondo, wataruka, watataga. Wapeni wiki moja nyingine, majani yatajaa tena. Chimbeni sasa hivi, na mfungulie kuku."

Ngoma ikasimama.

"Kuku wako wapi?" akauliza.

Mama Kulwa akatazama barabara ya Usinge.

Naikumbuka sura ya mwalimu siku ile kuliko ninavyokumbuka sura ya mama yangu. Alituangalia mmoja mmoja. Dawa tuliyokuwa nayo nyumbani, yenye midomo na makucha, iliyozaliwa kwa kazi ya kufukua na kula vitu vya namna ile, tulikuwa tumemlipa mtu nayo ili atufukuzie wadudu. Akasema kwa sauti ndogo, ndiyo mara pekee niliyomsikia kusema kwa sauti ndogo: "Mmempa kuku. Wote?"

Wachache tulichimba. Mimi nilichimba mistari miwili nikachoka. Wengine walisema yule mama ana wivu, kwa nini hakutoa kuku wake.

Viwavi walirudi katika wiki ile aliyoitaja.

Hapa ndipo hasira yangu ilipo, na naomba mnisome polepole. Alisema watarudi, wakarudi. Kwa akili ya kawaida mtu anayesema kweli anashukuriwa. Kwetu aliitwa mkutanoni. Mwenyekiti alikaa mbele ya ofisi ya mtaa, na swali lake la kwanza lilikuwa: "Mwalimu, ulijuaje siku?"

"Nilihesabu."

"Ulihesabu nini?"

"Siku."

Watu wakacheka, kicheko kile kibaya cha puani. Mwenyekiti akasema mtu wa kawaida hajui ratiba ya mdudu. Akasema aliyechimba bakuli zima bila kukosa hata mara moja ndiye aliyejua walipofukiwa. Mmoja akapaza sauti kwamba ana chupa ndani. Mwingine akataja mume. Nyinyi mnaosoma mkiwa mbali labda mnaona ni mzaha, lakini huku kwetu maneno kama yale yakishamkaa mwanamke wa umri ule hayamwachi salama, na kila mtu pale alijua yanaishia wapi. Wanaume wawili walikuwa wamesimama nyuma na mapanga, wakisema wametoka shambani. Mahindi yenyewe hayakuwepo ya kufanyia kazi.

Kisha mwenyekiti akanigeukia. "Fundi. Wewe umeingia kwake. Umeona nini?"

Nilisimama. Ningeweza kusema nimeona chupa, udongo, na kitu cha kahawia kinachotikisika. Ningeweza kusema mistari miwili, kama siku ile. Lakini watu walikuwa wengi na wote wananitazama, na mimi mbele ya watu siwezi kusema tairi moja.

"Nimemwona mumewe," nikasema. "Yuko kwenye chupa. Amenitikisia kichwa."

Mwalimu hakupiga kelele. Alinitazama tu, kisha akavua miwani akaifuta kwa kanga, taratibu, lenzi moja baada ya nyingine.

Alipewa mpaka Jumamosi awe amehama. Chupa zake zilitupwa barabarani na kupondwa, karibu zote. Mama Kulwa ndiye aliyekwenda na mkokoteni wake wa mchele, akapakia kitanda, vitabu na kijembe, na aliwaambia wale wa mapanga kwamba anayetaka kupita apite juu yake, na juu yake si parefu lakini ni papana. Alimsindikiza mpaka stesheni. Aliporudi alipita kibandani kwangu. "Ile habari ya mume nilikuwa nakutania, mpumbavu wewe," akasema. Hakuleta tena baiskeli yake kwangu.

Hata hapo, mnisikilize vizuri, habari ya mume sikuiacha. Nilijua sasa Mama Kulwa alitania, lakini plasta haikuwa utani, na mume hakuonekana. Niliendelea na masomo kwenye darasa lingine la jioni, kwa kijana mmoja aliyesoma kutoka kwenye kitabu, mshale kwa mshale. Msimu uliofuata nilichimba shamba langu lote, nikaachia kuku, nikavuna. Nikaelewa kwamba aliposema siku kumi hakuwa ameota. Ni hesabu ambayo hata mimi na elimu yangu ya viraka naiweza. Nikaanza kuwa na hasira: na mwenyekiti, ambaye bado ni mwenyekiti, na yule wa tenga, na vigelegele, na zaidi ya wote na fundi mmoja wa baiskeli. Nikawa tayari kumsamehe mwalimu hata hilo la mume. Nilijiambia, kama alimgeuza, atakuwa alikuwa na sababu.

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka nilifaulu. Cheti kilipofika nilikitia kwenye mfuko wa plastiki, nikapanda treni ya Mwanza, nikashuka Bukene, ambako Mama Kulwa alikuwa amesema, kwa kununa, kwamba ndiko aliko. Sikupata shida kumpata. Nilimuuliza mwanamke wa kwanza anayeuza karanga stesheni kama anamfahamu mwalimu mkali, akanyoosha mkono kabla sijamaliza.

Alikuwa ameketi uani akipandikiza miche ya mipapai kwenye vifuko, kuku wawili wakipekua miguuni. Miwani sasa ilikuwa na uzi pande zote mbili.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Fundi. Umenenepa."

Nilimpa cheti. Alikisoma chote, akageuza akasoma na nyuma, ambako hakuna kitu.

"C."

"Ndiyo, mwalimu."

"C ya baiolojia." Akakirudisha. "Keti."

Sikuketi. Nilisema nilichokuwa nimekariri tangu Tabora, kwamba siku ile ya mkutano mimi ndiye. Sikufika mbali.

"Nilikuwepo," akasema, na sauti ikaanza kupanda, ile sauti yenyewe. "Unanisimulia nini? Nilikuwepo. Uliulizwa umeona nini. Kwa miaka miwili nilikufundisha swali moja tu, fundi, moja, na siku uliyoulizwa mbele ya watu ukajibu ulichosikia. Wanaume wana mapanga pale. Ukajibu ulichosikia." Kuku walikimbilia nyuma ya nyumba. Alinifokea kwa muda mrefu, akisimama na kuketi, na sikumkatiza, maana hakuna neno alilosema ambalo sikuwa nimeshajiambia, ila yeye alilipanga vizuri zaidi. Majirani walichungulia. Alipomaliza aliingia ndani akatoka na maji ya kunywa kwenye kikombe, akaniwekea mbele yangu kwa nguvu, yakamwagika nusu.

Nikanywa yaliyobaki. Nilipoinua macho niliiona. Dirishani, katikati ya chupa mpya za kahawa na jamu, kifuniko chekundu, plasta nyeupe, jina, USIGUSE. Ndani kulikuwa na udongo kidogo na kitu cha kahawia.

"Mwalimu," nikasema, na nilijua wakati nasema kwamba nina cheti mkononi. "Hii naomba uniambie. Mzee yuko wapi?"

Alinitazama. Safari hii hakusema nifungue daftari.

"Mwanza. Anauza matairi. Ana mke na watoto watatu."

"Na chupa?"

"Chupa ilikuwa ya siagi yake ya karanga. Aliandika jina lake ili mimi nisile. Plasta ya hospitali haitoki, nimeloweka mara ngapi."

"Kwa nini hukusema? Mkutanoni. Ungesema tu."

"Niliona haya." Alichukua mche mwingine, akaupachika kwenye kifuko, akabana udongo kwa vidole vyote. "Alisema hawezi kulala nyumba moja na funza, akaniacha. Hilo nalo nisimame niwaambie wale?"

Niliitazama chupa, na kwa mazoea tu nikaigonga kwa ukucha. Kile kitu kikatikisa ncha yake, kulia, kushoto.

"Huyo ni nondo wa mahindi," mwalimu akasema. "Atatoka Alhamisi. Mume wangu hakugeuka kitu chochote, fundi. Alipanda treni."